Muuaji Tunamjua

Kwa kawaida riwaya ya upelelezi husomwa mara moja. Ukishajua nani aliua, kwa nini aliua na alijificha vipi, kitabu kimemaliza kazi yake, sawa na kitendawili kilichokwisha kuteguliwa. Lakini hapa Unguja nawajua watu wengi tu waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale mara nne, mara tano, na bado wakikiona mkononi mwa mtu watakuomba uwaazime. Muuaji wanamjua. Wanajua hata ukurasa anaotajwa. Wanarudi kufuata nini?

Swali hili limenishughulisha tangu mimi na wenzangu wanne tuanze kuzisoma upya riwaya za Muhammed Said Abdulla, moja baada ya moja, jioni za Jumamosi, kwenye baraza ya nyumba moja ya Mkunazini. Wanne tuna umri wa chini ya miaka thelathini. Wa tano ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Maalim wetu, ambaye alizisoma zilipokuwa bado zinanukia wino. Vitabu vyenyewe ni mchanganyiko wa nakala za zamani zilizotafunwa na mchwa pembezoni na fotokopi zilizobanwa kwa pini. Tulikubaliana tusizisome kama mtihani wa skuli, kwa kuorodhesha dhamira, wahusika na mandhari. Tuzisome kama tunavyotazama tamthilia, kwa kucheka, kubishana na kusimamisha pale panapouma.

Kwa asiyemfahamu mwandishi, habari zake kwa ufupi ni hizi. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi, kisha akaingia kwenye magazeti. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na, baada ya kimya cha miaka minane, Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Wahakiki wamekwisha kusema, na wako sahihi, kwamba Bwana Msa ana babu yake London. Sherlock Holmes alizaliwa kwenye maandishi ya Arthur Conan Doyle mwaka 1887, akiwa na kiko, rafiki wa kufuatana naye na polisi wa kumshangaa. Bwana Msa naye ana kiko. Rafiki yake ni Najum, na polisi wake ni Inspekta Seif. Kizazi cha Abdulla kilisoma Kiingereza kwenye skuli za wakoloni, na hata Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiwapa watoto vitabu vya Waingereza, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotafsiriwa tangu miaka ya 1920. Si ajabu kuokota kiko cha Holmes. La kuuliza ni alikitia tumbaku gani.

Ili tupate jibu, tulifanya jambo ambalo Maalim mwanzoni aliliona la kitoto. Tulianza kutazama, kwa kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya mkeka, ile tamthilia ya Holmes ya kampuni ya Granada, ambamo Jeremy Brett alicheza Holmes kuanzia mwaka 1984 hadi 1994. Ikawa wiki hii Brett, wiki ijayo Msa. Yupo aliyegundua kwamba Brett alianza kuonekana kwenye televisheni za Uingereza mwaka ule ule Bwana Msa alipotoka kwa mara ya mwisho. Ni sadfa tu, lakini ilitupa mlango. Mmoja alikuwa anaanza, mwenzake anaaga.

Tulianzia kwenye The Hound of the Baskervilles, kwa sababu ndiyo inayokaa karibu zaidi na Mzimu wa Watu wa Kale. Kwa Conan Doyle, ukoo wa matajiri unaaminika kuandamwa na jibwa la kuzimu, na mkuu wa ukoo anapokutwa amekufa watu wa shamba wanasema laana imetimia. Kwa Abdulla, tajiri anakutwa amekufa mzimuni, mahali ambapo watu wamezoea kupeleka nadhiri zao, na watu wa shamba hawahitaji polisi kuwaambia nani kaua. Katika hadithi zote mbili anakuja mtu wa mjini, mtulivu, mwenye kiko, anayesema kwamba kisichoonekana hakiui, na kwamba aliyeua ana miguu miwili na ana sababu.

Mpaka hapo babu na mjukuu wanafanana. Ukiendelea kutazama na kusoma kwa zamu, tofauti zinaanza kujitokeza, na tofauti ya kwanza ni mahali pa kazi.

Mteja wa Holmes hupanda ngazi, huingia chumbani, mlango hufungwa. Ni mgeni kabisa. Holmes hamjui, na uhodari wake wote uko hapo: anamsoma kwa tope la kiatu, kwa mkunjo wa mkono wa koti, kwa alama ya kidoleni. London ni mji wa watu wasiojuana, na Holmes ni dawa ya ugonjwa huo. Unguja ugonjwa wetu ni mwengine. Hapa mtu akikusalimia, swali la pili ni wewe mtoto wa nani. Ukimtaja baba, utaulizwa mama. Ukitaja mtaa, utaambiwa nyumba. Haiwezekani kuandika riwaya ya Unguja ambayo siri yake ni mgeni huyu ni nani, maana kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umekwisha kujua. Siri ya Unguja ni nyengine: huyu tunayemjua sote, ndiye kweli? Baba aliyetajwa ndiye baba?

Ndiyo maana visa vya Abdulla hurudi tena na tena kwenye nasaba, mirathi na ndoa. Hata majina ya vitabu yanatangaza. Mke Mmoja Waume Watatu ni jina ambalo kadhi angelisoma mara mbili. Katika vitabu hivi Bwana Msa anaonyesha nani kaua, lakini kazi yake kubwa ni kupanga upya orodha ya nani ni nani kwa nani. Akimaliza, mtu fulani amepata mama, mwengine amepoteza baba, na mali imehamia mkono mwengine. Kwa Holmes, kesi ikifungwa mambo hurejea kama yalivyokuwa. Kwa Msa, kesi ikifungwa ukoo mzima unalazimika kujitazama upya. Kwa kisiwa chenye watu walioingiliana damu kutoka bara, Uarabuni, Bara Hindi na Komoro, na chenye historia ya utumwa ambayo koo nyingi zimeifunika kwa mkeka, hicho si kisa cha kupitishia wakati.

Tofauti ya pili ni kicheko. Holmes wa Brett huchekesha, lakini kicheko chake hukatika ghafla kama mlango uliosukumwa na upepo, kisha anarudi kwenye kiti chake na huzuni yake. Vichekesho vya Abdulla viko kwenye mazungumzo. Najum ana haraka ya kubahatisha. Inspekta Seif ana haraka ya kukamata. Bwana Msa hana haraka yoyote, na hilo huwatia wenzake wazimu. Mtu huulizwa jambo moja akajibu kwa kuzunguka, akatupiwa kijembe, akakirudisha, na katikati ya mizaha hiyo limo neno moja ambalo baadaye litamfunga. Ukisoma kimya, kwa macho, unaweza kuona kurasa hizi zimerefushwa bure. Ukisoma kwa sauti unaelewa. Maalim anaposoma anampa kila mhusika koo lake, na tumewahi kumwona muuza kahawa akisimama na birika lake mpaka mlango ule uishe, kisha akauliza, "Basi huyo Seif hajamkamata mtu tu?"

Nadhani hapa ndipo ilipo sehemu ya kwanza ya jibu langu. Watu wanarudi kwa Bwana Msa kama wanavyorudi barazani. Hakuna anayekaa barazani ili apate habari mpya. Wengi wanajua nani atasema nini, nani atakasirika, nani atanyanyuka na kwenda zake kisha arudi. Raha ni kuona mambo yanasemwa vizuri. Abdulla aliandika Kiunguja cha watu wanaopenda kusikia wanavyosema, na ukikaa siku nyingi na Kiswahili cha taarifa za ofisi na matangazo ya simu, kurasa kumi za Abdulla zinakuwa kama maji ya mtungi.

Ila kikao chetu hakikukaa kwa amani hadi mwisho. Ugomvi ulianza tulipofika Kisima cha Giningi. Giningi, kwa wasiokulia visiwani, ni mji wa wachawi katika masimulizi yetu, ule ambao Said Ahmed Mohamed aliutumia mwaka 1990 katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi, akamweka Bi Kirembwe autawale kama dikteta. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kusini mwa kisiwa, aliyesoma historia, aliweka kitabu chini akasema, "Maalim, kwa hishima yako, mimi nimechoka kuchekeshwa na ujinga wa watu wa shamba."

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko sauti yake. Riwaya hii, alisema, imetoka mwaka 1968. Mapinduzi yalikuwa 12 Januari 1964. Machi mwaka ule ule ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka uliofuata watu wakaanza kugaiwa eka tatu tatu. Matajiri wenye mashamba walikuwa wamekimbia, wamekufa au wamefilisika. Yote hayo hayamo. Kwa Bwana Msa jua halijatua. Matajiri bado ni matajiri, watumishi bado ni watumishi, mirathi bado inagombaniwa, na watu wa shamba kazi yao ni kuogopa mizimu, kushukiwa na kuchekesha. "Tunapozipenda riwaya hizi," alimalizia, "tunapenda nini hasa? Kiswahili chake, au ule ulimwengu ambao babu yangu alikuwa akipanda minazi ya watu?"

Maalim hakujibu pale pale. Alisema tu kwamba mwandishi naye alikuwa mtoto wa Makunduchi, si wa Shangani. Rafiki yangu akamwambia ndiyo, Maalim, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimeifikiria hoja ile kwa wiki nyingi, na sitaki kuifanya nyepesi. Ni kweli kwamba Adam Shafi alilitazama shamba lile lile kutoka upande wa pili. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) tunamwona Kijakazi akitumika, na hatuna nafasi ya kusahau jasho ni la nani. Ni kweli pia kwamba mapenzi ya siku hizi kwa "Unguja ya zamani", na milango yake ya nakshi na picha zake za rangi ya kahawia zinazotundikwa hotelini, yanauzwa kwa kufuta nani alikuwa akifagia nyuma ya milango ile. Bwana Msa anaweza kutumiwa vivyo hivyo. Kiko, kanzu, taarabu kwa mbali, na mtalii akapiga picha.

Lakini kimya cha Abdulla kina upande mwengine, nao unaonekana ukizipanga tarehe. Aprili 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi pale Kisiwandui. Kesi ya uhaini iliyofuata ilianza mwaka 1973 ikaendelea hadi 1974. Ni kesi kubwa kuliko zote za mauaji katika historia ya kisiwa hiki, na watu waliizungumza kwa kunong'ona, kama waliizungumza kabisa. Sasa angalia tena orodha ya vitabu. Duniani Kuna Watu, 1973. Siri ya Sifuri, 1974. Mke Mmoja Waume Watatu, 1975. Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Katika miaka ile ile ambayo kuuliza nani kaua lilikuwa jambo la hatari, mzee mmoja mstaafu wa Unguja alitoa riwaya nne mfululizo juu ya kuuliza.

Sisemi kwamba aliandika mafumbo ya kisiasa. Sina ushahidi wa hilo, na Bwana Msa mwenyewe angenikatiza. Nasema kwamba msomaji hasomi hewani. Kijana aliyesoma riwaya hizi mwaka 1975, katika miaka ya foleni za chakula na tahadhari za maneno, alikutana na mtu anayekaa na wakubwa na wadogo, akawauliza anachotaka, akasubiri jibu, akakataa jibu la kwanza, na asipatwe na lolote. Polisi anamsikiliza. Hakuna anayepotea usiku. Hakuna anayekiri kabla hajaulizwa. Ukiitazama hivyo, ile Unguja isiyo na tarehe inakuwa nchi ambayo swali lina mahali pa kukaa. Maalim, siku aliyopata sauti ya kumjibu rafiki yangu, alisema maneno machache tu: "Mwanangu, sisi wakati ule tulikuwa tukisoma tupumue."

Huu ndio uamuzi wangu kama mhakiki, na naona unaweza kusimama pamoja na ule wa rafiki yangu bila kumfuta. Riwaya hizi ni pofu kwa jasho la mtumishi, lakini zina jicho kali kwa uongo wa familia na kwa woga wa watu. Mtu anayetaka kuzisoma leo azisome kwa yote mawili.

Kuhusu huo woga, lipo jambo moja ambalo hadhara yetu haipendi kulikumbuka. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, uvumi wa popobawa ulitoka Pemba ukaingia Unguja. Watu walilala nje, makundi kwa makundi, wakiota moto usiku kucha. Katika taharuki ile, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilisikia habari za popobawa kama kichekesho, lakini habari za yule mtu sikuzisikia mpaka nilipokuwa mkubwa.

Hapo ndipo miaka kumi ya Abdulla katika idara ya afya inanijia. Bwana afya, kama tunavyomwita, ni mtu anayeingia nyumba za watu bila kualikwa. Anaangalia jikoni, anaangalia choo, anainama kwenye kisima. Mtoto anapoumwa na tumbo na watu wanasema karogwa, yeye anauliza maji mnateka wapi. Sidhani kama ni bahati tu kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo aliandika riwaya ya kwanza juu ya mzimu na ya pili juu ya kisima. Kabla hajakutana na Holmes kwa undani, au baada, tayari alikuwa na mazoea ya kutokubali jibu la haraka. Wanaosema Bwana Msa ni Mwingereza aliyevishwa kanzu wanasahau kwamba mwandishi wake alishakuwa mkaguzi kwa ajira.

Kwa hiyo simwoni Bwana Msa kama mtu wa mjini anayekuja kuwacheka watu wa shamba tu. Uvumi unapokwisha kumchagua mtu wa kumwadhibu, na Seif yuko tayari na pingu, Msa ndiye anayesema ngojeni. Huko kungoja ndiko kunakotuchekesha, na huko kungoja ndiko kunakomwokoa asiyekuwa na hatia. Kichekesho na maadili ya riwaya hizi vimekaa mahali pamoja. Umati wa mwaka 1995 ulikosa mtu wa kuuambia neno hilo moja.

Waliokuja baada yake hawakufuata njia hiyo, na ni haki yao. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974) na riwaya zilizofuata, ni jasusi wa bara zima la Afrika, mwenye bastola na ndege za kupanda. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ana mbio zake. Nawapenda wote wawili, na nimewasoma usiku kwa tochi. Lakini sijawarudia mara tano. Mbio husisimua mara ya kwanza, kwa sababu hujui atafika au hatafika. Ukishajua kafika, unabaki na vumbi.

Rafiki yangu wa Kusini hakuacha kuja. Alipendekeza tubadilishe utaratibu, na sasa tunasoma Abdulla na Shafi kwa pamoja, Mzimu wa Watu wa Kale upande mmoja na Kasri ya Mwinyi Fuad upande wa pili, sura kwa sura. Ni usomaji wa kuchosha na wa kufaidisha. Msa anapoingia kwenye nyumba ya tajiri na kukaribishwa kahawa, tunasimama na kuuliza kahawa hiyo kaipika nani. Kijakazi anapotumwa kwa Shafi, tunauliza yeye angemwambia nini Bwana Msa kama angeulizwa, maana watumishi ndio wanaojua siri zote za nyumba. Swali hilo Abdulla hakulifikisha mwisho, lakini yeye ndiye aliyetufundisha kuuliza namna hiyo.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mdogo. Asianze na muhtasari wa mitihani. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, asome kwa sauti, na awe na mtu wa kubishana naye. Akimjua muuaji mapema, asikasirike. Tulioanza kumjua mapema tumepata nafasi ya kuwatazama wengine wote: waliosema uongo kwa kuona haya, waliosema uongo kwa kuogopa, na wale ambao hakuna aliyefikiria kuwauliza.